Usiku wa Ijumaa Huanza Alhamisi

Zuhura na wenzako wawili, kwanza mniwie radhi. Mwandiko wangu unalala upande, na kuna maneno nimeyafuta mara tatu mpaka karatasi imetoboka. Niliishia darasa la nane pale Matondoni, na tangu hapo kalamu nimeitumia kuandika majina ya maharusi kwenye vibandiko tu. Mkikuta herufi imekosewa, msinicheke sana, someni mnavyojua. Ukurasa mmoja wa daftari hunichukua asubuhi nzima. Ningewaambia kwa mdomo ingekuwa haraka, lakini mnanijua. Mbele ya watu watatu maneno hunikauka, na nyinyi mko watatu.

Zuhura alicheka niliposema ninastaafu. "Kustaafu na miaka ishirini na saba, dadangu? Pensheni iko wapi?" Sina neno jingine. Miaka kumi na moja nimefanya kazi moja katika nyumba moja. Sasa nimeolewa Siyu, na safari ya kutoka huko mpaka Mtangawanda, kisha boti mpaka Amu, haiwezi kufanywa kila siku na mtu anayetaka pia kupika. Bi Rukia ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki naye kila ninachojua kuhusu kasha dogo. Nitawaandikia. Lakini siwezi kueleza kasha dogo bila kueleza mlango, na siwezi kueleza mlango bila kusema jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nilianza na mlango. Siku yangu ya kwanza Bi Rukia hakunionyesha kamera hata kidogo. Alinipa kikapu cha ukili, utepe mweupe na kalamu, akaniweka mlangoni pa nyumba ya harusi, mtaa wa Langoni. Nyinyi mnajua kwa nini, lakini huenda daftari hili likasomwa na asiyejua. Bi Rukia hupiga video za harusi upande wa wanawake. Ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, wamevaa wanavyopenda, na hakuna mwanamume asiye wao anayeruhusiwa kuwaona. Kwa hivyo simu zote hubaki mlangoni, na kamera huwa moja tu, ya Bi Rukia. Watu hawamwiti kwa sababu picha zake ni nzuri kushinda za wengine. Humwita kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna picha hata moja iliyotoka nyumbani kwake ikaonekana mahali pasipotakiwa.

"Kazi yetu si kupiga," aliniambia siku ile. "Kupiga hata mtoto apiga. Kazi yetu ni kuweka."

Mlangoni nilikuwa hodari wa kubandika namba na mbovu wa kudai simu. Mtu akisema "Sina," mimi nilisema "Haya." Bi Rukia akinisikia alikuwa anaumia. Alinifundisha kwamba mwanamke mwenye simu mbili hutoa ile mbaya, na anapoitoa hukutazama usoni, kwa sababu mwenye moja hutazama simu yake inavyoondoka. Nilijifunza kuwatambua. Kuwauliza mara ya pili ndiko kulikonishinda. Baadaye nikasikia kwamba wanawake wa Shela walikuwa wakiambiana, "Piteni kwa yule mnyamavu." Mwaka wa tatu Bi Rukia alinihamishia kwenye kamera. Nadhani ilikuwa njia yake ya kuuokoa mlango.

Kamera ilinifaa. Mtu aliye nyuma ya kamera haulizwi kitu. Nilijifunza kuishika bila stendi, viwiko vimebana mbavuni. Nilijifunza kubadilisha betri wakati wa dua, maana dua haina haraka, na kutompiga mtu anayekula. Memori kadi niliziweka kwenye kopo la biskuti, kila moja na kibandiko chake: jina la bibi harusi, mtaa, siku. Jioni nilimwaga kila kitu kwenye kompyuta ya Bi Rukia. Ile kompyuta ilipojaa tukanunua diski za kuchomeka, na diski zilipofika saba Bi Rukia akaanza kulala vibaya. Diski moja ilikuwa imeanza kulia kama mjusi.

Hapo ndipo alipoletwa Bwana Mutuku. Ni mtu wa Machakos, anafundisha kompyuta mjini, na ana adabu. Alituletea kisanduku cheusi, kikubwa kama tofali mbili, chenye diski mbili ndani. Kinakaa kwenye mtandao wa nyumba, kila kitu huingia humo, na kila faili huandikwa kwenye diski zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Tulikiweka juu ya kasha la zamani la mamake Bi Rukia, kwa hivyo tukakiita kasha dogo. Mkisikia tunasema "kashani", ndiko huko.

"Lakini hii peke yake haitoshi, mama," Bwana Mutuku alisema. "Moto ukiingia, mwizi akiingia, zote mbili zinaenda. Lazima nakala ikae mbali. Nyumba nyingine, mji mwingine."

"Mbali wapi?"

"Watu wengi hutuma kwa mtandao. Inakaa ng'ambo, kwa majumba makubwa ya kompyuta."

"Na hayo majumba huyalinda nani? Wanaume ama wanawake?"

Bwana Mutuku alifikiri, kwa sababu ni mkweli. "Hilo sijui, mama."

"Basi."

Ikaamuliwa kwamba nakala itakaa Malindi, kwa Bi Thuweba, mdogo wake Bi Rukia, ambaye ni mjane na anaishi na wajukuu. Bwana Mutuku akaleta kisanduku cha pili kama cha kwanza. Zingatieni alivyofanya, maana siku moja mtahitaji kukirudia. Hakukipeleka Malindi kikiwa kitupu. Tungetuma harusi zote zile kwa intaneti yetu, alisema, tungemaliza tukiwa wazee. Alikiweka kando ya kasha dogo, akaviunganisha kwa waya, vikanakiliana siku nne usiku na mchana. Kisha ndipo Bi Rukia akakibeba mwenyewe, kimefungwa kwenye leso mbili, boti mpaka Mokowe na basi mpaka Malindi, kimekaa mapajani mwake njia nzima. Baada ya hapo ni yale mapya tu ya kila juma yanayotumwa, na hayo si mengi.

Jambo la pili: kila faili hufungwa hapa Amu kabla haijatoka. Malindi hufika kama herufi zilizovurugwa. Hata Bi Thuweba akitaka kuchungulia hawezi, na aliambiwa hivyo mbele yetu, akachukia kidogo. Neno la siri ni refu. Nusu anayo Bi Rukia, nusu ninayo mimi. Nusu yangu sikuiandika hapa. Nitampa Zuhura mkononi.

Sasa nije kwenye ratiba, maana hapa ndipo tulipoharibikia.

Kupanga ratiba kulitaka mtu akae mbele ya skrini, na skrini ilikuwa imejaa picha ndogondogo za maharusi. Bwana Mutuku alipokaribia tu, Bi Rukia alirusha leso yake juu ya kompyuta. "Haya, endelea," akamwambia. Bwana Mutuku aliitazama leso. Alisoma hata maandishi yake. Kisha akatoka, akaketi kwenye daka, baraza ya mlangoni, na pazia likashushwa katikati. Mimi nikawekwa mbele ya skrini, nikawa macho yake na vidole vyake. Alikuwa akiuliza kutoka nje, mimi nikimsomea herufi moja moja, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuandika kwenye mtihani, si cha kusema.

"Kuna sehemu imeandikwa nini hapo chini?"

"Es. Si. Echi. I..."

"Hiyo hiyo! Bonyeza. Sasa inauliza nini?"

"Siku."

"Mama, mnataka siku gani itume?"

Bi Rukia alikuwa ameshazungumza na mdogo wake. Kule Malindi wajukuu humaliza bando kwa katuni, kwa hivyo rauta huzimwa juma zima, isipokuwa usiku mmoja ambao watoto hupelekwa kwa bibi yao mwingine. "Usiku wa Ijumaa," alisema.

"Friday basi. Umeiona?"

Niliiona. Neno hilo nalijua vizuri. Nikalibonyeza.

"Saa ngapi?"

"Saa tano."

"Hapo mngoje!" alisema Bwana Mutuku, na nilisikia kiti kikisogea. "Hapo ndipo watu hukosea. Usiandike tano. Saa tano ya usiku kwa mashine ni ishirini na tatu. Andika mbili na tatu. Mashine haijui saa za Kiswahili."

Sote tulifurahi kwamba ametukumbusha. Bi Rukia alimtolea kahawa na kaimati. Tuliilinda saa kwa macho manne na hakuna aliyeitazama siku.

Nyinyi wawili mnajua, lakini Zuhura umekulia bara kwa babako polisi, kwa hivyo nakuandikia wazi. Sisi tukisema usiku wa Ijumaa hatusemi usiku unaofuata swala ya Ijumaa. Tunasema ule unaoitangulia. Alhamisi jua likizama, Ijumaa imeshaingia, huo ndio usiku wake. Nimezaliwa nikilijua hilo. Lakini mbele ya skrini sikuwa nikifikiri Kiamu. Nilikuwa nikifikiri kama mtoto wa shule: Ijumaa ni Friday, Friday ni Ijumaa, alama moja.

Basi ikawa hivi. Bi Thuweba, Alhamisi magharibi, huwasha rauta na kisanduku. Ijumaa baada ya alfajiri huzima, watoto wanarudi. Ijumaa hiyo hiyo usiku, huku Amu, kasha dogo linaamka na kubisha hodi kwenye nyumba iliyozimwa. Majuma sita, kila sanduku likimngoja mwenzake usiku wake.

Kasha dogo lilisema. Siwezi kulisingizia. Kila Jumamosi asubuhi nilipofungua kompyuta kulikuwa na mstari wa rangi ya chungwa na neno Failed. Neno hilo pia nalijua, nililiona kwenye karatasi za wenzangu na mara moja kwenye yangu. Nilimpigia Bi Thuweba.

"Shangazi, taa ya kile kisanduku iliwaka?"

"Iliwaka, mwanangu. Kijani kama mchicha."

Nikaiamini taa nikaliacha neno. Nilijiambia ni mtandao, litajaribu tena. Namba ya Bwana Mutuku ilikuwa imeandikwa ukutani kwa kalamu nyekundu, juu ya swichi. Mara tatu niliishika simu, na mara tatu nikafikiria jinsi nitakavyoanza kusema, na nikaiweka chini. Bi Rukia alikuwa na shughuli za harusi, sikutaka kumsumbua kwa mstari mmoja wa chungwa.

Katika majuma hayo tulikuwa na harusi tatu. Ya mwisho ilikuwa ya Maryamu, Shela.

Mamake Maryamu, Bi Nuru, alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni karibu na machuguu ya mchanga. Harusi zote za Shela alikuwamo, nyuma, akipiga pembe za vugo, ngoma yetu ya harusi, pamoja na wanawake wengine, na katika video zetu zote anaonekana mkono na kijiti tu. Ukimwelekezea kamera hugeuka. "Mimi usinipige, mwanangu, mpige bibi harusi." Siku ile ya mwanawe nilijua nitapata mkono na kijiti tena.

Zuhura, siku ile ulikuwa na homa, hulaumiwi. Nilishika mlango mwenyewe mpaka bibi harusi alipokuwa tayari. Wanawake waliingia, nikabandika namba. Akaja mmoja mwenye leso ya kijani juu ya buibui, amejitia udi ukanukia mpaka ngazini. Akatoa mkobani mulika mwizi, kale kasimu ka vibonyezo, akanipa huku akinitazama usoni. Mwanamke aliyevaa vile hana mulika mwizi peke yake. Mkono wake wa pili ulikuwa umebana kwapani na haukuondoka hapo. Nilibandika namba kumi na tisa, nikamwambia, "Karibu."

Ndani, vugo lilipopamba moto, Bi Nuru aliacha mstari. Sijui nini kilimwingia. Alikuja mbele na pembe yake mkononi, akaipiga mbele ya mwanawe, akazunguka, akainama mpaka leso ikagusa mkeka, akainuka akicheka na meno yote nje. Maryamu alipambwa asitikisike, lakini alicheka mpaka wanja ukashuka na mpambaji akapiga kelele. Nilimshika Bi Nuru kwenye kamera tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Hakugeuka hata mara moja. Katika kazi yangu yote hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote nilivyopiga, na nasema hivyo nikijua hakuna atakayenipinga.

Nikimfuata kwa kamera nilipita kwenye safu ya ukutani, na hapo, chini, karibu na mbavu za mtu, niliona mwanga wa bluu, na leso ya kijani. Kazi yangu ilikuwa kumwambia Bi Rukia. Niligeuza kamera nikarudi kwa Bi Nuru.

Sheria ya Bi Rukia ni kwamba kadi haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili. Jumamosi iliyofuata nilihesabu: Amu moja, Malindi mbili. Mstari wa chungwa ulikuwapo. Nikapiga simu Malindi. Kijani kama mchicha. Nikaifuta kadi ya Maryamu kwa kidole hiki ninachoshikia kalamu, kwa sababu tulikuwa na harusi nyingine mbele yetu.

Mvua ya masika ilikuja kabla sijaanza kuihariri. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, dari lilikuwa na ufa tuliokuwa tumeahidiwa utazibwa tangu kaskazi. Nilikuwa jikoni niliposikia Bi Rukia.

"Mai! Asya, mai yaingia kashani! Ndoo! Ndoo hima!"

Mai ni maji, na ndoo, kwa Kiamu chake, ni njoo. Mimi nilikuja mikono mitupu. Zuhura alikuja na ndoo ya kuogea. Ndiyo mara pekee niliyoona Kiswahili cha bara kikifaa katika nyumba ile. Lakini maji yalikuwa yameshashuka kati ya boriti mbili, moja kwa moja juu ya kasha dogo, na taa zake zote zilikuwa zimezimika. Diski mbili katika sanduku moja hulowa pamoja.

Bwana Mutuku alikuja kabla ya adhuhuri, amekunja suruali. Alizijaribu diski moja moja kwenye mashine yake. Hazikuzunguka. Hakuonekana kuogopa. "Pole, mama. Lakini si ndiyo maana tuliweka Malindi? Mpigieni tuone ya mwisho ilifika lini."

Bi Rukia alimpigia mdogo wake, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Nawasha kila usiku wa Ijumaa, dada, kama mlivyosema. Hata jana niliwasha."

"Jana ni Thursday, mama," alisema Bwana Mutuku kutoka kwenye daka. "Mashine inatuma leo usiku."

"Leo usiku ni usiku wa Jumamosi," alisema Bi Thuweba, kwa sauti anayotumia kwa wajukuu.

Kisha Bwana Mutuku akasema polepole, "Kwetu usiku hufuata siku yake."

"Kwetu hutangulia," alisema Bi Rukia. Akakata simu, akanitazama. Hakuniuliza kama niliona neno lolote kwenye skrini. Nilimwambia mwenyewe, na ilinichukua muda mrefu kufika mwisho wa sentensi.

Kila harusi iliyokuwamo siku Bi Rukia alipokipakata kisanduku mpaka Malindi ilirudi nzima. Kati ya zile tatu za baadaye, mbili zilikuwa zimeshahaririwa na kukabidhiwa kwa wenyewe kwenye flashi. Ya Maryamu haikuwapo popote.

Bwana Mutuku alisema Nairobi kuna watu wanaofufua diski za namna ile. Bi Rukia akauliza wanazifufuaje bila kutazama kilichomo. Akajibiwa haiwezekani. Akasema si zake kuamua, ni za wenyewe.

Tukaenda Shela kwa miguu, ufukweni, maji yalikuwa yametoka. Bi Nuru tulimkuta jikoni kwa wageni wake, anakuna nazi. Bi Rukia alisema yote. Mimi nilisimama nyuma yake. Bi Nuru hakuacha kukuna.

"Nairobi?" alisema. "Wanaume waketi wanione nikirukaruka kama mbuzi? Hapana, Bi Rukia. Wacha zikae." Kisha akanitafuta nyuma ya bega la Bi Rukia. "Na wewe usinune, Asya. Mdogo wake Maryamu yuko darasa la saba. Akiolewa nitacheza tena, na wewe uje na mwavuli wa hiyo mashine yako."

Tulicheka wote watatu. Diski zile mbili ziko ndani ya kasha kubwa mpaka leo, zimefungwa kwa leso. Msiziguse.

Haya sasa ndiyo tunayofanya tangu siku ile, nanyi myafanye hivyohivyo. Mashine imewekwa Thursday. Tukizungumza na Malindi hatusemi usiku wa Ijumaa, tunasema "Alhamisi baada ya isha", hata kama Bi Thuweba anatuona tumepotea. Kasha dogo jipya haliko tena chini ya dari lile, liko kwenye kidaka cha ukuta wa ndani, juu, na lina betri yake ya kulizima taratibu stima ikikatika. Taa ya kijani maana yake ni kwamba sanduku lina umeme. Haina maana nyingine yoyote. Kila Jumamosi, kabla ya chai, chagueni harusi moja, muivute kutoka Malindi, muifungue kwa neno la siri, muitazame angalau dakika moja na sauti. Msipoiona ikicheza, hamna nakala, hata skrini iseme nini. Kadi haifutwi mpaka hapo. Na mkiona neno la rangi ya chungwa mpigieni Bwana Mutuku siku hiyohiyo. Ni mtu wa kuzungumza naye kwa urahisi. Laiti ningelijua hilo kwa kupiga, si kwa kuambiwa.

Bi Nuru hakumwoza mdogo wake Maryamu. Aliugua, hakuugua siku nyingi. Tulikwenda matangani, nikakaa mahali ambapo watu hawanioni.

Siku ya arubaini ilipopita Maryamu alikuja nyumbani kwa Bi Rukia, peke yake, wakati nikibandika majina kwenye kadi. Hakukaa. Aliuliza, "Hata kidogo, Asya? Hata sauti tu, bila picha?"

Nikamwambia kila kitu, la siku, la neno la chungwa, la kidole. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na mlangoni? Simu zote ulizichukua?"

Nikasema, "Zote."

Sijui kwa nini. Ndiyo, najua. Nilikuwa nimeshakiri kwamba nilishindwa kuweka, na sikuweza kukiri pia kwamba nilishindwa kuchukua. Bi Rukia alikuwa chumba cha pili na angesikia. Maryamu aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaondoka. Jibu langu lilimfungia mlango wa mwisho, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa nimeufunga mapema na sikuufunga.

Hilo ndilo sijamwambia mtu. Sasa nimeliandika, na Bi Rukia akilisoma, namwomba anisamehe. Zuhura, msomee Maryamu ukurasa huu kabla ya mtu mwingine yeyote. Umwambie jibu langu halikuwa kweli.

Kisha nawaomba jambo, nyinyi watatu, mnaoingia kila nyumba ya wanawake Amu na Shela. Semeni mnapopita, kwa wanaosukana, kwa wanaopakana hina, popote. Mwanamke wa namba kumi na tisa, mwenye leso ya kijani, sina ugomvi naye. Sitauliza jina lake, na sitauliza simu ilipitaje, maana ilipita kwangu. Kama alipiga pale Bi Nuru alipokuja mbele, hata kama picha inatikisika, hata kama ni mgongo wa mtu na sauti ya pembe nyuma yake, aitie kwenye kadi, aitumbukize chini ya mlango wa Bi Rukia. Itafungwa kwa neno la siri. Ataiona Maryamu na mdogo wake, basi. Alhamisi baada ya isha itakwenda Malindi.

Nimewaachia kurasa tupu kumi na mbili nyuma ya daftari. Niandikieni humo, iwe ipo au haipo, mlipeni nahodha yeyote wa boti ya Mtangawanda, atalifikisha. Msione haya kwa mwandiko. Mimi nitalisoma polepole, na nitawajibu.

Asya